Kituo cha basi pembeni ya lami: baiskeli ipite wapi, abiria asimame wapi?

Msikilizaji wa Nyalikungu, Malampaka au Bariadi anaijua picha hii. Basi linapunguza mwendo na kuvuta kushoto. Abiria waliokuwa kivulini wanakimbilia mlango, bodaboda nazo zinasogea kuwahi watakaoshuka. Nyuma ya basi anakuja mtu na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, au madumu manne ya maji, na njia aliyokuwa akiipita imezibwa ghafla.

Ana mawili ya kufanya. Apite kushoto, kati ya basi na watu, ambako mama mwenye mtoto mgongoni anashuka bila kuangalia nyuma. Au apite kulia, aingie katikati ya lami na kulizunguka basi, huku lori linakuja kwa mwendo ambao dereva hajaupunguza. Kusimama na kusubiri ndiyo njia salama, lakini kusimamisha baiskeli yenye kilo mia moja na kuiondoa tena si kazi ndogo, na wengi hawasimami.

Makala haya yanaeleza jinsi kituo kinavyoweza kujengwa ili mwendesha baiskeli asilazimike kuchagua kati ya hayo mawili.

Tatizo linaanzia wapi

Tanzania tunaendesha kushoto, na milango ya mabasi iko kushoto. Baiskeli nazo hupita kushoto kabisa mwa barabara. Kwa hiyo mstari wa baiskeli na mstari wa watu wanaoshuka hukutana kila mara basi linaposimama. Hapo hakuna mzembe, ni mpangilio wenyewe ulivyo.

Kwenye barabara ya lami inayotoka Lamadi kwenye barabara ya Mwanza–Musoma, ikapita Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi upande wa Shinyanga, mwendesha baiskeli hutegemea zaidi bega la barabara, yaani ule ukanda wa pembeni baada ya mstari mweupe. Bega hilo lina kazi nyingi mno. Ni njia ya waenda kwa miguu, wanafunzi wakiwemo. Ni mahali pa gari lililoharibika. Ni mahali pa kupitishia ng'ombe. Na basi likisimama, linakuwa kituo.

Hili lina uzito mkubwa kwa ukanda wetu kuliko kwa sehemu nyingi za nchi. Usukumani baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba maziwa, mkaa, pumba na marobota ya nyasi, na inabeba watu pia: Shinyanga baiskeli za abiria zinaitwa daladala, jina ambalo Dar es Salaam ni la basi dogo. Mtu anayechora barabara akidhani baiskeli ni ya kijana mmoja asiye na mzigo, atachora njia nyembamba isiyotumika.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani. Zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Ndio hao hao wanaokutana pale mlangoni mwa basi.

Mwendo ndio unaoua

Kabla ya kuzungumzia saruji na rangi, tuangalie mwendo.

Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, dereva akishtuka na kukanyaga breki kwenye lami kavu, litasimama baada ya mita 13 hivi. Likiwa kilomita 50 kwa saa, litahitaji karibu mita 28. Kwa kilomita 80, ni kama mita 57, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Hiyo ni kwa breki nzima, lami kavu na dereva aliye makini. Mvua ikinyesha, au lori likiwa limejaa pamba, umbali huo unaongezeka.

Sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na dereva ampishe mwenda kwa miguu kwenye kivuko cha pundamilia. Mabasi na malori yanapokuwa nje ya makazi mwisho wake ni kilomita 80. Shida ni kwamba kibao peke yake hakipunguzi mwendo. Kinachopunguza ni umbo la barabara: tuta pana lenye mteremko wa taratibu, kivuko kilichoinuliwa, au lami iliyobanwa kidogo mahali kituo kilipo.

Baiskeli nayo ina hesabu yake. Ikienda kilomita 15 kwa saa inapita karibu mita 4 kila sekunde. Abiria akishuka ngazi ya mwisho na kupiga hatua mbili, baiskeli iliyokuwa mita 8 nyuma imeshafika. Breki za chuma za baiskeli nyingi za mizigo haziwezi kuizuia kwa umbali huo.

Kupitisha baiskeli nyuma ya kituo

Suluhisho linalotumika sana kwenye nchi zenye baiskeli nyingi, kama Uholanzi na Denmark, ni rahisi kulieleza. Njia ya baiskeli inapokaribia kituo inapinda kushoto na kupita nyuma ya banda la abiria, kisha inarudi kwenye mstari wake baada ya kituo. Kati ya lami na njia hiyo kinabaki kisiwa. Abiria wanasimama kwenye kisiwa, basi linasimama mbele yake, baiskeli zinapita mgongoni mwao.

Faida yake ni kwamba basi haliikati tena njia ya baiskeli, na mwendesha baiskeli hana sababu ya kuingia kwenye lami. Abiria anaposhuka anakanyaga mahali palipotulia, anajikusanya na mizigo yake, ndipo anavuka njia ya baiskeli akiwa ameshaiona.

Huko Denmark kuna kanuni inayofaa kuelezwa hata kwetu. Mahali palipo na kisiwa, abiria ndiye anayesubiri baiskeli zipite, kwa sababu ana mahali pa kusimama. Mahali pasipo na kisiwa, ambapo mtu anashuka moja kwa moja kwenye njia ya baiskeli, mwendesha baiskeli ndiye anayepaswa kumpisha abiria. Kwa maneno mengine, haki ya kupita inatokana na nani ana pa kusimama. Nadhani ni kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuielewa.

Vituo hivi havikupokelewa vizuri kila mahali. London, ambako vilianza kujengwa kwa wingi miaka ya 2010, watu wasioona walilalamika, na malalamiko yao yana msingi. Baiskeli haina mlio. Mtu mwenye fimbo nyeupe hawezi kujua kama kuna baiskeli inayokuja, na kumwambia asubiri ipite ni kumwambia asubiri kitu asichokisikia. Ndiyo maana vituo vingi vya huko viliongezwa pundamilia juu ya njia ya baiskeli, ambapo mwendesha baiskeli analazimika kusimama. Tukijenga huku, hilo liingie kwenye mchoro tangu mwanzo. Njia ya baiskeli iinuliwe mpaka usawa wa kisiwa pale watu wanapovukia, ili magurudumu yapande kidogo na mwendo upungue, na vigae vyenye nundu viwekwe ardhini ili mguu na fimbo vitambue kuwa hapa ndipo pa kuvukia.

Vipimo kwa mazingira yetu

Kisiwa kinachotosha abiria wenye mikoba ya mkononi hakitoshi huku. Basi la Maswa kwenda Mwanza linapakia na kushusha magunia, magodoro, kuku, wakati mwingine baiskeli nzima. Buti linafunguliwa upande huo huo wa kushoto, kondakta anasimama nje na mizigo inawekwa chini kwanza. Kisiwa cha mita moja na nusu kitajaa gunia la kwanza likishuka, na watu watamwagikia kwenye njia ya baiskeli. Kwa maoni yangu, upana usipungue mita 2.5, na mita 3 ni bora zaidi. Urefu uzidi basi lenyewe: basi kubwa lina mita 12 hivi, kwa hiyo kisiwa cha mita 18 au 20 kinaruhusu basi moja na Hiace nyuma yake.

Njia ya baiskeli inayokwenda upande mmoja iwe mita 2. Mita 1.5 inaweza kutosha baiskeli tupu, lakini yenye magunia pembeni inachukua karibu mita nzima, na guta linachukua zaidi. Mahali inapopinda kwenda nyuma ya kituo, kona isiwe kali. Baiskeli yenye mzigo haikati kona kali bila kuanguka, na mwendesha baiskeli akishaona hivyo mara moja atarudi kwenye lami siku zote.

Njia ya waenda kwa miguu ipite nje zaidi, mbali na lami kuliko njia ya baiskeli. Mtu anayetembea na haendi kwenye basi hana sababu ya kuingia kituoni. Kati ya njia hizo mbili inatosha kuweka tofauti ndogo ya usawa, au mstari wa mawe, ili kila mmoja ajue upande wake. Rangi pekee haidumu: vumbi la kiangazi linaifunika na mvua za masika zinaimalizia.

Nafasi ya kufanya yote haya ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Lami yenyewe ni sehemu ndogo ya hapo. Katika vijiji na miji midogo mingi kinachokosekana ni mpangilio wa ardhi hiyo kabla haijajaa vibanda.

Udongo nao unataka kuangaliwa. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Njia ya baiskeli iliyomwagwa zege jembamba juu ya udongo huo itapasuka vipande ndani ya misimu michache, na ikishakuwa na mashimo hakuna atakayeipita. Fundi aondoe udongo huo na kujaza changarawe iliyoshindiliwa kabla ya kumwaga chochote. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri peke yake ni bora kuliko zege bovu.

Halafu kuna mtaro. Barabara zetu nyingi zina mtaro kati ya lami na mahali watu wanapotembea. Kituo kikijengwa ng'ambo ya mtaro bila kuufunika, abiria anaruka na gunia kichwani. Mfuniko mmoja ukivunjika au kuibiwa, shimo linabaki wazi usiku. Kwenye kituo mtaro upitishwe chini kwa kalavati, usiachwe na vifuniko vya kuondoleka.

Kivuko kiwe wapi

Hapa kuna kosa linalofanywa mara nyingi, nalo kulizuia hakuna gharama. Vituo viwili vya pande mbili za barabara huwekwa vikitazamana, na pundamilia mbele ya basi. Abiria anashuka, anapita mbele ya basi lililosimama, anajitokeza ghafla kwenye lami. Dereva wa gari linalolipita basi hilo hamwoni mpaka yuko mbele ya taa zake.

Mpangilio mzuri ni kuweka kivuko kwanza, kituo baadaye. Basi linapita pundamilia ndipo linasimama mbele yake, na la upande wa pili linafanya vivyo hivyo kwa uelekeo wake. Matokeo yake mabasi yanasimama yakipeana mgongo, kivuko kiko kati yake, na kila abiria anavukia nyuma ya basi lake. Gari linalokuja nyuma linamwona, na basi linapoondoka halimkanyagi.

Hapo hapo kwenye kivuko ndipo pa kuweka tuta pana. Kivuko kilichoinuliwa kinafanya kazi mbili kwa zege moja.

Yaliyowahi kujaribiwa nchini

Mambo haya si mageni Tanzania. Miaka ya 1990, Morogoro na Temeke zilikuwa sehemu ya mradi wa majaribio uliosimamiwa na Benki ya Dunia kuhusu usafiri usiotumia injini. Kwa upande wa Kenya walihusishwa Nairobi na Eldoret. Vilijengwa vivuko vilivyoinuliwa na njia za baiskeli kwa gharama ndogo. Somo mojawapo lilikuwa kwamba watu hutumia njia inayofuata mahali wanapotaka kwenda, si ile inayopendeza kwenye ramani.

Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Mei 2016 kwenye awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9. Barabara ya Morogoro ilipewa njia za baiskeli na za waenda kwa miguu pembeni, na vituo vikawekwa katikati ya barabara. Kwa kufanya hivyo, mlango wa basi na njia ya baiskeli vilitenganishwa kabisa: abiria na baiskeli hukutana kwenye kivuko tu. Mradi huo ulichangia jiji hilo kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Lakini anayetembea huko atakuambia pia kuwa bodaboda hupita kwenye njia za baiskeli, na wachuuzi hutandaza bidhaa zao hapo hapo. Mchoro ulikuwa mzuri, usimamizi ndio ulioteleza.

Mfano mwingine ni wa shule. Shirika la Amend limekuwa likirekebisha maeneo ya shule za msingi Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika: njia za miguu, matuta, nguzo za kuzuia magari, na wakati mwingine kuhamisha lango la shule lisifungukie barabara yenye magari. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Taasisi ya Rasilimali Duniani mwaka 2019. Nataja hili kwa sababu vituo vingi vya vijijini viko karibu na shule, na lango la shule likifungukia kituoni, saa saba mchana watoto, baiskeli na basi vinakutana mahali pamoja.

Bodaboda na mama lishe

Mchoro usiowataja hawa wawili hautadumu mwezi mmoja.

Bodaboda husubiri pale abiria wanaposhukia kwa sababu riziki yao iko hapo. Nguzo za zege haziwazuii, maana panapopita baiskeli pikipiki nayo inapita. Kinachosaidia ni kuwapa kijiwe chenye kivuli, hatua chache tu kutoka kituoni, upande wa mbele ambako basi linaelekea, ili abiria akitembea kidogo awakute. Kijiwe kikiwa mbali hawatakaa huko.

Mama lishe na wauza matunda ni vivyo hivyo. Wakifukuzwa watarudi jioni. Wakitengewa ukanda wao nyuma ya njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli itabaki wazi, na kituo chenye watu na taa za vibanda ni salama zaidi usiku kuliko kituo kitupu. Tatizo lenyewe ni meza iliyosogezwa mbele mita moja kila wiki, na hilo serikali ya kijiji au mtaa inalimudu bila kusubiri mtu wa mkoani.

Kama hakuna fedha za kisiwa

Vijiji vingi havitapata kituo kamili hivi karibuni. Hata hivyo kuna yanayowezekana kwa fedha kidogo. Basi lipewe nafasi ya kuingia pembeni nje ya lami, na bega la nyuma yake liwe pana la kutosha baiskeli kusimama. Njia ya changarawe ipitishwe nyuma ya mti au banda ambalo watu tayari wanajikinga jua. Mara nyingi kuna kijia waendesha baiskeli walichokwisha kukichonga wenyewe. Hicho ndicho cha kupanua. Pasipo na nafasi kabisa, baiskeli na abiria watashirikiana sehemu moja, na hapo njia ya baiskeli ipandishwe usawa wa kituo, iwe na uso wenye kukwaruza, ili mwendesha baiskeli ajue ameingia eneo la watu na apunguze mwendo.

Apelekewe nani

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya miji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mambo ya vyombo vya usafiri wa abiria, zikiwemo njia na leseni zao, yanasimamiwa na LATRA. Kikosi cha Usalama Barabarani kinashughulika na makosa ya madereva.

Ombi la kituo au kivuko huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, likaandikwa kwenye muhtasari, likaenda kamati ya maendeleo ya kata na kwa diwani. Kwa barabara ya TANROADS, nakala ipelekwe kwa meneja wa mkoa, Bariadi. Pia kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo hukaa na kujadili kazi za barabara za mkoa mzima, na wabunge na wakuu wa wilaya huhudhuria.

Barua yenye nguvu ni ile yenye hesabu. Kaeni kituoni siku ya mnada na siku ya kawaida, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, kisha jioni kuanzia saa tisa. Hesabuni baiskeli zinazopita wakati basi limesimama: ngapi zilipita kushoto katikati ya watu, ngapi zilizunguka kwenye lami, ngapi zilisimama. Andikeni pia idadi ya wanafunzi waliovuka. Daftari moja na kalamu vinatosha, na vijana wawili wakishika zamu hakuna basi litakalowapita bila kuhesabiwa.

Ukarabati ukikaribia, ombeni kuuona mchoro kabla mkandarasi hajaanza kumwaga zege. Kuusogeza mstari wa kituo mita tano kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Kukivunja kituo kilichokwisha jengwa ni bajeti ya mwaka mwingine.